Mama mzazi si rehani

Kila mara afya ya mama na mtoto inapozungumzwa hapa mashariki mwa Kongo, hoja huwa dawa, vitanda na pesa. Vyote vinahitajika. Lakini kuna swali ambalo wakubwa hawaulizi: mama anatunzwa kwa faida ya nani?

Mfalme Leopold wa Pili alijitambulisha kwa mataifa kama adui wa utumwa. Mkutano wa Brussels wa 1889-1890 ulipitisha mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa, na vita vya 1892 hadi 1894 vikavunja nguvu ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili upande wa Maniema. Lakini mnyororo haukuisha, ulibadilishwa jina tu. Wanaume walilazimishwa kutafuta mpira msituni, na wake zao wakafungwa kama rehani mpaka mzigo utimie. Njaa, magonjwa na mauaji vilipunguza watu, na watoto waliozaliwa wakawa wachache.

Ubelgiji ilipochukua koloni mwaka 1908, hofu ilikuwa moja: wafanyakazi watatoka wapi? Mwaka 1912 kukaundwa chama cha kulinda watoto weusi wa Kongo. Baadaye, toka miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière kule Katanga ilianza kuwaacha wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao. Mama alizalia hospitali, mtoto alipimwa uzito na kupewa chakula. Kuleta vijana kutoka mbali kuligharimu sana, kwa hiyo kampuni ilitaka wazaliwe pale pale.

Ndiyo maana hata maziwa ya mama yaliingizwa katika hesabu. Wazee wetu walijua kunyonyesha miaka miwili au mitatu, na mume akingoja, ili mtoto apate nguvu kabla ya mdogo wake kuja. Wakoloni wengi waliona desturi hiyo inachelewesha uzazi, wakahimiza mtoto aachishwe mapema. Hekima ya bibi ikaitwa ujinga.

Wapo watakaosema kwamba materinite hizo ziliokoa maisha. Ni kweli, na wauguzi na wakunga Wakongo waliofanya kazi humo wanastahili heshima. Lakini mama aliyehesabiwa kwa ajili ya kampuni hakuwa na neno la kusema. Na mama wa kijijini, mbali na machimbo, alingoja sana kabla hajafikiwa.

Leo mpira umekwisha, ila rehani bado ipo. Katika vituo vingi vya afya nchini, mama aliyejifungua na kukosa pesa huzuiliwa pamoja na mtoto wake mpaka jamaa walipe. Serikali ilianzisha mwaka 2023 mpango wa kuzaa bila malipo, ukianzia Kinshasa. Mama aliyekimbia vita, aliyeacha shamba na mbuzi nyuma, ndiye angepaswa kuufurahia wa kwanza, lakini barabara na bunduki humfanya awe wa mwisho.

Ni kweli pia kwamba kituo kisicholipwa hakiwezi kununua dawa. Basi deni hilo liulizwe kwa serikali na kwa wafadhili, si kwa mwanamke mwenye kichanga mgongoni.

Na wanaoleta misaada wakumbuke: kopo la maziwa ya unga mahali pasipo maji safi huleta kuhara. Anayehitaji chakula kwanza ni mama mwenyewe, ili anyonyeshe. Kati ya waliohama wamo wakunga wenye ujuzi. Waitwe, wapewe kazi na mshahara.

Kamati za wahami zinaweza kuanza wiki hii: ziandike orodha ya wajawazito na ya wakunga walio kati yao, ziipeleke kwa daktari mkuu wa eneo la afya, na ziulize mbele ya watu ni mama wangapi wanazuiliwa kwa deni.