Spika ya Darasani na Sikio la Mtoto wa Nyuma

Miongoni mwa zana ambazo walimu wanafunzi huchukua wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, spika ndogo ya betri imekwisha kupata nafasi yake kando ya chaki, chati na kadi za maneno. Wengi huinunua kwa fedha zao wenyewe, nazo si nyingi. Kwa hiyo yafaa tujiulize swali moja kabla ya kwenda dukani: spika hii tunalinunulia sikio la nani?

Tuliwahi kuketi nyuma ya darasa la tatu lenye watoto zaidi ya 70, tukimwangalia mwalimu mwanafunzi akifundisha ufahamu wa kusikiliza. Spika yake ilikuwa nzuri kwa umbo na mngurumo wake ulitikisa meza. Hadithi ilimhusu mteja aliyemwuliza seremala thamani ya kitanda. Watoto wa mbele walijibu maswali vema. Mtoto aliyeketi kando yetu aliandika katika daftari lake "samani ya kitanda", akatiwa alama ya kosa. Hakuwa mzembe, aliandika alichosikia. Kwa maoni yetu kosa lile lilikuwa la spika, na pia la sisi wakufunzi, ambao hatukuwa tumemfundisha mwenzetu namna ya kuichagua.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Mngurumo wa ngoma hubebwa na mawimbi ya chini, aghalabu yasiyofika hezi 200. Lakini sauti zinazotofautisha neno na neno, kama vile s, f na th, hutegemea mawimbi ya juu, mengi yakiwa ya hezi 4,000 na zaidi. Simu za waya za zamani zilipitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Ndiyo maana mtu alipotaja jina lake kwa simu alilazimika kulirudia herufi kwa herufi. Spika iliyotengenezwa kwa ajili ya mngurumo humtendea mtoto vivyo hivyo: husikika sana, ila haieleweki. Tena katika sehemu nyingi watoto huitamka th kama s kwa athari ya lugha yao ya kwanza. Spika inayoficha tofauti hiyo inalificha somo lenyewe.

Basi tunashauri jaribio lifuatalo, ambalo halihitaji utaalamu wowote. Kabla ya kwenda dukani, mwombe mwenzako akurekodie kwenye simu maneno haya bila mpangilio maalumu, nawe usiyaone: fikia, sikia, futa, suta, thamani, samani. Dukani omba yapigwe kwa spika unayoitaka, usimame hatua kumi kutoka ilipo, uyaandike. Ukikosea mawili au matatu, iache, hata kama muziki wake unapendeza. Muuzaji atakuwekea wimbo wenye ngoma nzito. Mshukuru, kisha umwombe akuwekee taarifa ya habari. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Kadhalika tusidanganywe na hesabu ya wati iliyoandikwa kwenye boksi. Wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Kwa upande mwingine, umbali kati ya spika na msikilizaji ukipunguzwa kwa nusu, sauti inayomfikia moja kwa moja hupanda kwa desibeli 6 hivi. Maana yake ni kwamba ukiiondoa spika mezani kwako na kuiweka katikati ya darasa, ili mtoto aliyekuwa mita 8 kutoka kwake awe mita 4, umempatia faida sawa na kununua spika yenye wati mara nne, wala hukutoa hata senti. Iinue ifikie kimo cha masikio ya watoto waliokaa. Usiiweke sakafuni wala kwenye kona, kwani huko mngurumo huongezeka na maneno huzidi kufifia. Mvua ikinyesha juu ya bati, izime. Hakuna spika ndogo inayoishinda mvua; wape watoto kazi ya kuandika.

Kuhusu betri, hesabu ni ya darasa la saba. Betri ya lithiamu ya volti 3.7 yenye miliampea-saa 1,200 ina nishati ya wati-saa 4.44. Spika ikitumia wastani wa wati 1, itadumu kwa saa 4 na dakika kidogo, yaani vipindi sita vya dakika 40. Hiyo ni betri mpya. Kadiri inavyozeeka ndivyo inavyopungua. Anayekwenda shule isiyo na umeme achague spika ambayo betri yake hutolewa na kubadilishwa, au inayochajiwa kwa waya uleule wa simu yake. Betri iliyovimba isitumiwe kamwe, na spika isiachwe juani dirishani.

Yapo mambo mengine madogo. Alama ya IPX7 huonyesha kuwa chombo kimepimwa kwa maji. X iliyo mahali pa tarakimu ya kwanza haisemi lolote juu ya vumbi, nalo ndilo adui mkubwa wa vyombo madarasani mwetu. Spika yenye tundu la waya na nafasi ya kadi ya kumbukumbu ina manufaa kuliko ile inayotegemea Bluetooth peke yake, maana simu ya mwalimu ikiita katikati ya hadithi, darasa zima hupoteza uzi wa somo.

Wako wenzetu wasemao kwamba mwalimu hodari hahitaji spika, na kwamba fedha hizo zingenunua chaki na daftari. Hoja yao ina uzito. Mwalimu ambaye hajaandaa maswali ya kabla na baada ya kusikiliza hana haja ya spika, hata akipewa bure. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania iliwakusanya watu wazima kando ya redio; lakini kila kundi lilikuwa na kiongozi na kijitabu, na kipindi kilipokwisha watu walijadiliana. Redio ilileta habari, na kundi ndilo lililoifanya kuwa elimu. Hata hivyo, hatukubali kwamba sauti ya mwalimu yatosha siku zote. Mtoto anahitaji kusikia wasemaji wengine, wazee kwa vijana, wa pwani na wa bara, na chombo hiki kidogo chaweza kumletea.

Kwa hiyo, ndugu walimu wanafunzi, andaeni somo kwanza, ndipo mtafute spika inayolifaa. Na siku ya kwanza ya kuitumia, msisimame mbele ya darasa. Nendeni mkaketi dawati la mwisho pamoja na mtoto wa huko, msikilize anachosikiliza.