Mambo ya Nyumbani: Ukuta Mbichi



Mwezi wa sita nalifika Kilosa, nikalala kwa mwalimu mmoja, katika nyumba ya zamani ya matofali mabichi. Chumba cha watoto kilipakwa rangi ya mafuta ya buluu, nayo ilikuwa ikibanduka kama maganda ya kitunguu. Ukipapasa ukuta karibu na sakafu, lipu yamong'onyoka, na juu yake pameota unga mweupe kama magadi. Mama wa nyumba akaniambia, "Tumepaka rangi mara tatu kwa miaka mitatu, na mtoto wetu mdogo hukohoa kila masika."

Basi, rangi haina kosa. Mwenye kosa ni maji, naye apakaye rangi juu ya ukuta mbichi amefunga kidonda kisichooshwa. Tazameni kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14. Kuhani alipoona madoa ya kijani au mekundu yaliyoingia ndani ya ukuta, hakuagiza yafunikwe. Aliifunga nyumba siku saba, akaitazama tena. Kisha mawe yenye pigo yakatolewa, nyumba ikakwanguliwa ndani pande zote, ndipo ikapakwa upya. Mafundi wengi wa siku hizi huanza na lile la mwisho.

Nikamwomba mwalimu tuzunguke nje kwanza. Watu wa Kilosa huona unyevu wakautaja mto Mkondoa, wala si ajabu, maana mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaharibu reli, watu maelfu wakakosa makao. Lakini hapa mto haukuhusika. Kwa miaka mingi udongo wa kufagia uani ulikuwa umelundikwa penye ukuta, hata ardhi ya nje ikaipita sakafu ya ndani kwa shubiri nzima, na maji ya bati yalianguka papo hapo. Huko Mikumi nimeona chumba kilichooza vivyo hivyo, wala hapana mto karibu na nyumba ile.

Jambo la pili lilinitia hofu. Fundi mmoja alikuwa amepiga saruji toka sakafuni hata kiunoni, ati kuzuia maji. Saruji ni ngumu, haipitishi pumzi. Unyevu uliofungwa nyuma yake hupanda juu zaidi, na udongo hulainika pasipo mtu kuona. Tulipobandua kipande, kisu kiliingia ukutani hata mpini. Ukuta wa namna hiyo waweza kuanguka usiku wa mvua, na kitanda cha watoto kilikuwa kimeegemezwa hapo.

Kwanza tuliuondoa udongo wa nje mpaka chini ya usawa wa sakafu, tukiangalia tusiuguse msingi, tukachimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Ndani tulibandua saruji yote na lipu mbovu, kupita alama ya unyevu kwa kadiri ya mkono mmoja. Unga ule wa chumvi msiuoshe, maana maji huurudisha ndani. Upigeni burashi kavu, mkautupe nje.

Kisha ngojeni. Hili ndilo gumu kuliko yote. Ukuta mnene huchukua miezi kukauka, kwa hiyo kazi ianze kiangazi kinapoingia. Ukiisha kukauka, zibeni mashimo kwa udongo uliokandwa na majani makavu, halafu pigeni lipu ya chokaa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga safi, mara mbili, nyembamba. Inyunyizieni maji kidogo siku kadhaa, kwa kuwa chokaa hukazwa polepole na hewa. Mwisho pakeni chokaa nyepesi kama maziwa, mara tatu au nne. Burashi ya katani yatosha, na katani si kitu kigeni Kilosa. Wanaotunza nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja nao hushika chokaa, wakaikataa saruji.

Angalizo kwa wazazi: chokaa isiyozimwa huchemka ikikutana na maji, nayo hupofusha macho. Itieni chokaa katika maji, kidogo kidogo, wala msiimwagie maji. Na watoto wakae mbali.

Mwalimu ameniandikia juzi. Kuta tatu zimekauka, ule wa nne bado, na mvua za vuli zakaribia. Nimemjibu auache wazi hata mwakani, na watoto waendelee kulala sebuleni.