Mshauri Mkuu wa Julai Ni Kijana wa Steshenari

Kila Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea na masweta yamepanda bei Mwanjelwa, kuna biashara moja isiyojua baridi. Ni steshenari. Milangoni mwa vibanda vya Kabwe, Soweto na Uhindini hubandikwa matangazo yenye herufi nene: maombi ya vyuo, maombi ya mkopo, uhakiki wa vyeti RITA. Iringa mjini ni hivyo hivyo, kuanzia Miyomboni hadi Kihesa. Ndani ya kibanda, kijana mwenye kompyuta mbili na printa moja inayokwama kwama anahudumia foleni ya wahitimu wa kidato cha sita pamoja na wazazi wao. Anauliza maswali matatu: namba ya mtihani, tahasusi, na kozi unayotaka. Swali la tatu likikosa jibu, na mara nyingi hukosa, analijibu yeye mwenyewe, kwa sababu foleni nyuma inasukuma.

Asilaumiwe. Halipwi kwa kushauri, analipwa kwa kujaza fomu, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Wa kulaumiwa ni wote waliomwachia uamuzi ambao mwanafunzi aliandaliwa kwa miaka 13 kuufanya.

Ratiba yenyewe haimsaidii mtoto. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, na siku chache baadaye Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hufungua dirisha la kwanza la udahili. Mwaka 2024 dirisha hilo lilifunguliwa 15 Julai na kufungwa 10 Agosti. Katika wiki hizo hizo, maelfu ya wahitimu wako kambini, kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria yaliyorejeshwa mwaka 2013. Aliyemaliza Sekondari ya Loleza anaweza kuwa kambi ya Mafinga akikimbia mchakamchaka. Wa Tosamaganga yuko Itende anajifunza kupiga kwata. Simu imebaki nyumbani. Anayeomba chuo, basi, ni kaka, mjomba au mama mdogo, akiwa na picha ya cheti kwenye WhatsApp na maelekezo aliyoyasikia nusu nusu. Maofisa wa Bodi ya Mikopo huzuru baadhi ya kambi kutoa elimu, na hilo ni jambo jema, lakini elimu ya saa moja uwanjani haiwezi kubeba mzigo wa miaka.

Matokeo ya uombaji wa namna hii yanajulikana kwa kila mzazi aliyewahi kuupitia. Tangu mwaka 2017, ulipokoma utaratibu wa maombi ya pamoja kupitia TCU, mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja kwa kila chuo anachokitaka. Akichaguliwa na zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja tu kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu au barua pepe. Sasa fikiria namba hiyo imeingia kwenye simu ya nani. Kama barua pepe ilifunguliwa pale pale kibandani, nenosiri analijua kijana wa kibanda, naye kwa siku hiyo alifungua nyingine kumi. Nafasi ya chuo inaweza kupotea, hata kama alama za mtoto zilitosha, kwa sababu ujumbe ulifika mahali ambapo hakuna aliyeujali.

Kwenye mkopo mambo ni mazito zaidi. Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoza shilingi 30,000 kwa ombi. Inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, mdhamini mwenye kitambulisho, na namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ile ile iliyotumika kuombea chuo. Kwa mtoto aliyerudia mtihani, au ambaye jina la baba limeandikwa hivi kwenye cheti cha kuzaliwa na vile kwenye cheti cha shule, kosa dogo linatosha kumfanya aanze masomo bila fedha ya chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku. Familia ya mkulima wa Kilolo au Chunya ikija kugundua kasoro hiyo mwishoni, imechelewa. Vyeti hivyo vingeweza kukaguliwa mtoto akiwa kidato cha tano, kwa utulivu, na mwalimu mmoja mwenye orodha.

Lakini hayo yote ni karatasi, na karatasi hurekebishika. Uamuzi wenyewe umeshafanyika zamani, tena mahali ambapo hakuna anayeuita uamuzi.

Unafanyika kidato cha pili kinapokwisha. Hapo fizikia na kemia huwa masomo ya hiari, na mtoto wa miaka 15 huambiwa achague kuendelea nayo au kuyaacha. Katika shule nyingi za kata huyaacha kwa sababu zilizo wazi: mwalimu wa fizikia hayupo, maabara ina meza bila vifaa, na kaka zake waliomtangulia walipata F. Hakuna anayemwambia siku hiyo kwamba anaufunga mlango wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, na pia wa udaktari katika chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichopo Mbeya hiyo hiyo. Anaambiwa tu kwamba mchepuo wa sanaa ni rahisi. Miaka minne baadaye mzazi anafika kibandani na kusema, kwa imani kamili, "Mwandikie udaktari."

Milango inaongezeka, na maswali yanazidi kuja mapema. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafika 65, ilhali vizazi vilivyotangulia vilizoea kuchagua kati ya PCB, PCM, HGL na chache nyingine. Mtaala ulioanza kutumika mwaka huo huo umeleta pia mkondo wa amali ngazi ya sekondari, kwa hiyo mtoto aliyetoka darasa la saba anaweza kujikuta kwenye njia ya ufundi kabla hajajua anapenda nini. Ni mageuzi yenye nia njema. Ila tahasusi 65 bila mtu wa kuzieleza ni msitu, na katika msitu mtu hufuata njia iliyokanyagwa na wengi.

Njia iliyokanyagwa ina majina matatu: ualimu, sheria, udaktari. Yafaa kuziangalia fani mbili za kwanza kwa macho makavu, maana ndizo Iringa inazifundisha kwa wingi. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichozaliwa mwaka 2005 pale ilipokuwa Shule ya Sekondari Mkwawa, ni kiwanda cha walimu wa nchi hii, na walimu wake wa sayansi bado wanatafutwa. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu zaidi ya 200,000 waliomba ajira serikalini kwa nafasi zisizofika 15,000. Kijana anayechukua ualimu wa masomo ya sanaa kwa kuamini kwamba "Serikali itaniajiri tu" anastahili kuonyeshwa hesabu hiyo kabla hajabonyeza kitufe.

Sheria nayo inafundishwa katika Chuo Kikuu cha Iringa na katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, na suti za wanasheria huwavutia vijana wengi. Ni wachache wanaoambiwa kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Kuna shule ya sheria kwa vitendo baada ya hapo, na mwaka 2022 matokeo yake yaliitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani, walifaulu moja kwa moja 26 tu. Waziri aliunda kamati ya kuchunguza, akamweka Dkt. Harrison Mwakyembe, mbunge wa zamani wa Kyela, kuiongoza. Mzazi wa Nyanda za Juu Kusini anazikumbuka habari hizo kama mvutano wa wakubwa. Kwa binti anayetaka kuomba sheria, zilikuwa ni taarifa kuhusu maisha yake.

Hayo hayasemwi ili kumtisha mtu. Wapo waliofaulu, na nchi inahitaji mawakili na walimu. Tatizo ni mtoto kuingia akiwa amefumba macho.

Upande wa pili, kazi zilizo nje ya dirisha la darasa hazina msemaji. Mufindi kuna shamba la miti la Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Rungwe kuna chai na parachichi zinazosafirishwa nje. Chunya kuna dhahabu. Usangu na Kyela kuna mpunga. Uyole kuna kituo cha utafiti wa kilimo na chuo cha kilimo. Hifadhi ya Ruaha iko saa chache kutoka Iringa mjini. Uliza darasa la kidato cha tano wangapi wanafikiria misitu, upimaji ardhi, teknolojia ya chakula au utalii, uone mikono mingapi itanyooshwa. Watoto hawazidharau kazi hizo. Hawajawahi kukutana na anayezifanya akawaeleza alisoma wapi na analipwaje.

Stashahada ndiyo yenye bahati mbaya kuliko njia zote, kwa kuwa hutajwa kama adhabu ya aliyefeli. Ukweli ni kwamba anayepita stashahada akafanya vizuri anaweza kuingia shahada, tena akiwa na ujuzi mkononi, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. MUST yenyewe ilianza mwaka 1986 ikiwa chuo cha ufundi. Ilifika kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Mzazi anayemzuia mwanawe kwenda chuo cha ufundi stadi cha VETA kwa kuogopa majirani wa Isanga watasemaje angepaswa kwanza kumuuliza fundi umeme anayemwita kila nyaya zinapoungua, na kumlipa bila kubishana, alisoma wapi.

Hapa ndipo penye jambo la kushangaza. Mikoa hii miwili si maskini wa vyuo. Mbeya ina MUST pale Iyunga, ina Teofilo Kisanji wa Wamoraviani, ina kampasi ya Mzumbe na chuo cha afya cha Dar es Salaam. Iringa ina Mkwawa, ina Chuo Kikuu cha Iringa, ina Ruaha. Shule ya Sekondari Iyunga na MUST ziko kata moja, na kelele za mechi upande mmoja huenda zinasikika upande wa pili. Lakini ili kijana azungumze na vyuo vingi kwa mara moja, hutarajiwa aende kwenye maonesho ya TCU jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na malazi, ni fedha ambayo familia nyingi hazina, na walionayo huitumia wakati ambao uamuzi ulishapita.

Maonesho ya Nane Nane yangeweza kuziba pengo hilo. Kila Agosti viwanja vya John Mwakangale, Uyole, hujaa watu kutoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na vyuo huweka mabanda yao katikati ya matrekta na ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2024 kilele cha maonesho kiliangukia siku mbili kabla dirisha la kwanza kufungwa, kwa hiyo mabanda hayo yalihudumia zaidi waliokuwa wanahangaika dakika za mwisho. Maofisa elimu wa mikoa wangewapeleka huko wa kidato cha kwanza na cha pili, wale ambao fizikia bado iko mikononi mwao, na vyuo vikatakiwa kumpeleka bandani mwanafunzi wa mwaka wa tatu badala ya ofisa habari peke yake. Mtoto wa Mbarali atamuuliza mwanafunzi mwenzake mambo ambayo hatamuuliza mtu mwenye tai.

Kwa shule zisizoweza kusafirisha watoto, iko njia isiyohitaji hata basi. Kila mwaka wanafunzi wa ualimu wa Mkwawa husambazwa kwenye shule za sekondari kwa mafunzo kwa vitendo, wakifundisha kwa wiki kadhaa huku wakikaguliwa na kupewa alama. Ni vijana waliopita kwenye dirisha hilo hilo la udahili miaka michache tu nyuma. Wanakumbuka namba maalumu, mdhamini, jina lililokosewa, na kozi waliyoijutia. Leo kazi wanayopimwa ni kufundisha kipindi na kuandika andalio la somo. Chuo kikiamua kwamba saa mbili kwa wiki za ushauri wa masomo na kazi zihesabiwe katika alama za mafunzo hayo, shule ya ndani kabisa ya Kilolo itapata mtu wa kukaa na wanafunzi wake, kukagua vyeti vyao kabla ya kidato cha sita, na kuwaeleza PCB inaishia wapi na HGL inaishia wapi. Mwalimu wa malezi wa shule hiyo, ambaye kwa sasa ana vipindi vyake, zamu ya bweni na kamati tatu, atakuwa na msaidizi. Mkwawa inaweza kuanza na shule kumi za jirani.