Mbwa Mkali, Paka Msumbufu: Je, Tuwape Dawa?

Katika nyumba nyingi mbwa ni mlinzi, na paka ni mwinda panya. Wakifanya kazi yao vema hatuwataji. Lakini siku mbwa anapobweka usiku kucha na kuwakimbiza watoto wa jirani, au paka anapokojoa ovyo chumbani, mara twauliza: "Hivi hakuna dawa ya kumtuliza?"

Dawa zipo. Huko Marekani serikali iliidhinisha klomipramini mwaka 1998, na fluoksetini mwaka 2007, kwa mbwa wanaoshikwa na hofu kubwa wakiachwa peke yao. Dawa hizo zilianza kutumika kwa binadamu. Lakini kwa mbwa ziliruhusiwa ziende pamoja na mafunzo ya tabia, siyo badala yake. Tena hazitulizi kwa siku moja. Huenda zikapita wiki kadhaa kabla ya kuona mabadiliko.

Kwa maoni yangu, kabla ya kutafuta kidonge tutafute kwanza chanzo. Mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi juani, hana maji, na watoto wanamtupia mawe, si mgonjwa wa tabia. Anajitetea. Kidonge hakifungui mnyororo. Paka anayekojoa kitandani pengine ana maumivu ya kibofu. Paka dume anayerusha mkojo ukutani anaweka mipaka yake, na mara nyingi akihasiwa huacha. Hata mnyama mpole huweza kuuma akiwa na jino bovu au kidonda cha sikio. Hayo huyatambua daktari wa mifugo, na ndiye wa kuamua kama dawa inahitajika.

Wengine watasema daktari ni gharama. Ni kweli. Lakini kivuli, maji safi, kamba ndefu na upole havihitaji fedha nyingi. Na mtoto wa mbwa afundishwe mapema, maana samaki mkunje angali mbichi.

Jambo la kukataa kabisa ni kuwapa wanyama dawa za watu kwa kukisia. Kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500 chaweza kumwua paka, kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunja sumu yake. Diazepamu huweza kumwondolea mbwa ile hofu iliyokuwa ikimzuia asiume, na wako paka waliokufa kwa kuharibika ini baada ya kupewa dawa hiyo. Nao wanaompa mbwa pilipili au bangi ili awe mkali, wanamtesa bure. Mbwa wa namna hiyo hachagui kati ya mwizi na mtoto wa nyumbani.

Liko jambo zito zaidi. Mbwa akibadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akazubaa, akadondosha mate na kushindwa kumeza, tushuku kichaa cha mbwa. Hapo hakuna dawa ya kumtuliza. Tusijaribu kumfungua kinywa ili tumnyweshe chochote, kwani virusi vimo katika mate. Watoto waondolewe, na afisa mifugo aarifiwe upesi.

Akiuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Asingoje dalili, maana zikishaonekana karibu kila mgonjwa hufa.

Basi wazazi, fedha tuliyotaka kununulia vidonge vya kumnyamazisha mbwa tuitumie kwanza kwa chanjo yake ya kichaa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu tiba yenyewe haipo.