Mwajiri Aliye Mbali Naye Ni Mwajiri



Siku ya Jumanne tarehe 23 Aprili 2013, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza, mjini Savar, karibu na Dhaka, nchini Bangladesh. Mhandisi aliyeitwa kulitazama alishauri watu watoke. Benki iliyokuwa na tawi lake chini iliwaondoa wafanyakazi wake. Lakini ghorofa za juu zilikuwa na viwanda vitano vya kushona nguo, na nguo hizo zilikuwa na wenyewe ng'ambo waliozingoja. Kesho yake asubuhi washonaji waliamriwa kurudi kazini. Baadhi ya walionusurika walisimulia kwamba walitishiwa kunyimwa mshahara wa mwezi. Umeme ulipokatika, jenereta zilizokuwa huko juu ziliwashwa, na muda si mrefu jengo zima likaanguka. Watu wasiopungua 1,134 walikufa, na wengine wapatao 2,500 walijeruhiwa.

Kwa nini karani wa benki alibaki nyumbani siku ile, na mshonaji akapanda ngazi? Jibu jepesi ni kwamba mwenye jengo na wenye viwanda walikuwa watu waovu. Hatuwatetei. Ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali, na aliyemsukuma binti wa watu kuingia chini ya dari iliyopasuka atajibu mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Hata hivyo, jibu hilo likiishia hapo, linawaacha nje watu wengine ambao siku ile walikuwa maofisini mwao, maelfu ya kilometa kutoka Savar, na ambao saa zao ndizo zilizokuwa zikifuatwa katika jengo lile.

Yafaa tueleze jinsi kazi hii inavyoendeshwa, maana wengi wetu tunadhani kampuni kubwa ya nguo humiliki viwanda vyake. Mara nyingi haimiliki hata cherehani moja. Makao makuu, huko Ulaya au Marekani, huchora mshono, huchagua kitambaa, hupanga bei ya kila vazi na siku ambayo shehena lazima ipande melini. Kushona kwenyewe huachiwa viwanda vya watu wengine katika nchi nyingi, na kiwanda kikielemewa na oda hupeleka sehemu yake kwa kingine kidogo zaidi, pengine bila kumwambia mnunuzi. Katika makao makuu hayo mna idara mbili. Idara ya ununuzi hupimwa kwa bei iliyoipata na kwa wepesi wa mzigo kufika. Idara ya ukaguzi hutuma watu wenye orodha ya maswali: je, kazi inazidi saa 60 kwa juma? Je, milango ya dharura iko wazi? Idara zote mbili huzungumza na meneja yule yule, na hutokea zikamfikia katika juma moja. Huyu anasema punguza bei na uharakishe. Yule anasema usiwachoshe watu. Mzigo ukichelewa, meneja hukatwa fedha au husafirisha nguo kwa ndege kwa gharama yake mwenyewe. Asipoweza kuwaridhisha wote wawili, humridhisha yule mwenye oda, na yule mwingine humwandalia daftari la pili la mahudhurio.

Ndiyo sababu ukaguzi peke yake umeshindwa. Angalau viwanda viwili vya Rana Plaza vilikuwa vimekaguliwa kabla ya msiba. Huko Karachi, Pakistani, kiwanda cha Ali Enterprises kilipewa cheti cha kimataifa cha ubora wa mazingira ya kazi mwezi Agosti 2012. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo kiliteketea, wakafa watu zaidi ya 250. Mahakama iliamua mwaka 2020 kwamba moto uliwashwa kwa makusudi. Sawa, lakini nondo za madirishani na milango iliyofungwa hazikuwekwa na mchomaji. Zilikuwapo wakati cheti kinaandikwa.

Mafundisho ya Kanisa yalikwisha kuliona jambo hili zamani. Waraka Laborem Exercens, alioutoa Baba Mtakatifu Yohane Paulo II mwezi Septemba 1981, unatofautisha mwajiri wa moja kwa moja, ambaye mfanyakazi hufanya naye mkataba, na mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani watu na vyombo vyote vinavyoamua tangu mapema mkataba huo utakuwaje. Waraka unayataja wazi makampuni ya kimataifa, ambayo hujiwekea bei ya juu kwa bidhaa zao na kutafuta bei ya chini kabisa kwa malighafi na bidhaa ambazo hazijakamilika. Hayo tulifundishwa seminarini, tukafanya mtihani, tukafaulu. Wala hatumkumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza shati alilovaa siku ile limeshonwa na nani.

Basi anayepanga bei ya vazi amekwisha kuukadiria mshahara wa mshonaji. Mwaka 2013, kabla ya msiba, kima cha chini kwa mshonaji nchini Bangladesh kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, chini ya dola 40. Hakuna meneja wa Dhaka ambaye angeweza kukiongeza mara mbili kwa hiari yake huku akiuza kwa bei ile ile.

Wako waamini wanaotuambia: tuzisusie nguo hizo. Tunaiheshimu nia yao, lakini hatukubaliani nao. Viwanda hivyo vimewapa mamilioni ya wanawake mshahara wa kwanza waliowahi kuushika mikononi mwao. Tena tumekwisha kuona oda zikikoma inakuwaje. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, wenye viwanda wa Bangladesh walisema oda zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3 zilifutwa au kusimamishwa, nyingine zikiwa za nguo zilizokwisha kushonwa. Aliyerudi nyumbani mikono mitupu ni mshonaji.

Kilichosaidia ni mkataba unaombana mnunuzi. Mwezi Mei 2013 vyama vya wafanyakazi na makampuni ya nguo yalitia sahihi makubaliano ya usalama wa moto na majengo nchini Bangladesh, na hatimaye makampuni zaidi ya 200 yalijiunga. Wahandisi waliingia katika viwanda zaidi ya 1,600. Mnunuzi alitakiwa kuhakikisha kwamba kiwanda kinaweza kumudu gharama za matengenezo, na mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo analoliona ni la hatari. Haki ile ile ambayo karani wa benki alikuwa nayo siku ile bila kuandikiwa. Wala haikuwa ahadi ya mdomoni. Vyama vilifungua mashauri mbele ya wasuluhishi huko The Hague, na mwaka 2018 kampuni moja ya kimataifa ilikubali kulipa dola milioni 2.3.

Mambo haya si ya Bangladesh tu. Kenya ilitunga sheria yake ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1990, Tanzania mwaka 2002, na nguo zilizoshonwa Athi River zimeuzwa katika maduka ya Marekani. Wako miongoni mwa walei wetu wanaosimamia mistari ya cherehani, na wako wanaoweka mahesabu. Kwao tunasema kwa upole lakini kwa uwazi: daftari la pili lisiandikwe kwa mkono wako. Tunajua kwamba anayekataa anaweza kupoteza kazi, kwa hiyo hatutaki akatae akiwa peke yake. Kamati ya Haki na Amani ya parokia impokee, ipokee na barua za oda zinazoonyesha bei na tarehe alizopewa, ilifiche jina lake, na kuzipeleka barua hizo kwa chama cha wafanyakazi pamoja na jina la mnunuzi lililoandikwa juu yake.