Karte ya banki haiachwe rehani



Hapa Kapalata tunaiona kila mwezi. Mwalimu feza inamwishia mbele ya paie, anaenda kwa "Banque Lambert", anaacha pale karte yake ya banki pamoja na kode. Siku mushahara unaingia, mukopeshaji njo wa kwanza kuutosha.

Tuhesabu pamoja. Kopa 100.000 FC kwa 30% ya mwezi. Kama haulipe kitu na faida inapanda juu ya deni, kisha miezi tatu unadaiwa karibu 220.000.

Na kuna ingine ambayo watu hawaseme. Banki na microfinance zinatangaza mikopo yao kwa Centrale des Risques ya Banque Centrale du Congo. Pale njo jina lako linaangaliwa. Lambert yeye hatangaze kitu: umulipe vizuri miaka kumi, hakuna banki itajua. Lakini akikula mushahara wote, ukashindwa kulipa mukopo wa banki, ile inaandikwa.

Hatulaumu wazazi wetu. Mushahara unachelewa, mutoto anagonjwa, utafanya nini?

Tunaomba serikali ilipe kwa tarehe inayojulikana. Tunaomba banki zikopeshe kidogo-kidogo, hata kijana wa toleka, na bei iandikwe wazi.

Na sisi tusingojee tu: tuanzishe likelemba kwa kila avenue. Karte irudi mu mfuko wa mwenyewe!