Nguo ya jirani ni mali, si picha ya kunakili

Mfanyabiashara wa nguo anayetoka Arusha kwenda Nairobi huijua njia yake hata akifumba macho. Anavuka Namanga alfajiri, anafika Gikomba au Eastleigh kabla ya saa sita mchana, anafunga mzigo, na usiku yuko garini anarudi. Mwenzake wa Bukoba huvuka Mutukula kwenda Kampala, na wa Goma huingia Rwanda kwa miguu. Lakini mzigo wanaorudi nao mara nyingi ni belo la mitumba lililofungwa Ulaya au Marekani, au nguo mpya za kontena kutoka China na Uturuki. Yaani tunasafiri hadi kwa jirani, tunamwachia fedha zetu, na kurudi na kitu ambacho jirani huyo hakukitengeneza.

Hatusemi hivyo kuwakebehi wauza mitumba. Mitumba imesomesha watoto wengi katika kanda hii. Marais wetu walipokubaliana mwaka 2016 kuiondoa sokoni kwa hatua, ni Rwanda pekee iliyoshikilia msimamo, ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Somo tulilopata ni kwamba kuzuia cha mgeni hakutoshi kukuza cha nyumbani. Cha nyumbani kinahitaji mtu wa kukibeba na kukifikisha kwa mnunuzi, na mtu huyo ni wewe unayevuka mpaka kila wiki.

Bidhaa ipo. Jijini Kigali, House of Tayo ilianza mwaka 2011 na kujulikana kwa tai za kipepeo za kitenge. Mwaka 2018, Junior Nyong'o, Mkenya, alivaa suti ya Mnyarwanda huyo kwenye uzinduzi wa filamu ya Black Panther kule Marekani. Nairobi ina KikoRomeo tangu mwaka 1996. Kampala kuna Buzigahill, inayofumua mitumba ya Owino, kuishona upya na kuiuza nje, hata kwenye nchi ilikotoka. Mji Mkongwe wa Zanzibar una duka la Doreen Mashika. Haya ni majina yaliyokwisha kusimama, na bei zao huenda zisimfae mteja wako. Lakini nyuma ya kila jina kama hilo wapo vijana wengi wenye vyerehani viwili au vitatu katika chumba cha ghorofani, lebo yao wenyewe, na ukurasa wa Instagram kama dirisha la duka. Hao ndio tunaotaka uwatafute.

Sababu ni ya kibiashara kabla ya kuwa ya uzalendo. Gauni la kontena ukilishusha Jumatatu, Alhamisi jirani yako wa meza ya pili analo, tena kwa bei ya chini. Mnashindana kupunguza mpaka faida inaisha. Nguo ya mbunifu mdogo hushonwa chache. Mteja akiipenda kwako, haioni kwingine mtaani, na hana bei ya kukulinganisha nayo.

Hapa ndipo penye jambo linalotusumbua. Wapo wafanyabiashara ambao tayari wamewagundua wabunifu hawa, ila kwa mlango wa nyuma. Wanaingia butiki, wanajaribu gauni, wanapiga picha mbele, nyuma na kwenye mishono, wanashukuru na kutoka. Jioni picha iko kwa fundi ng'ambo ya mpaka, na baada ya wiki nakala 50 ziko sokoni. Wengine hununua nguo halali lakini hukata lebo ili mteja asijue ilikotoka. Watakuambia kila mtu anafanya, na kwamba hata mbunifu mwenyewe aliiga mahali.

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Gauni lile lilikatwa mara tatu likaharibika kabla ya kukaa sawa mabegani. Kitambaa cha majaribio kilinunuliwa, fundi alilipwa, pango lililipwa. Anayenakili halipi chochote kati ya hivyo, ndiyo maana anaweza kuuza rahisi. Lakini na yeye hadumu. Kama aliweza kunakili kwa picha, aliyesimama meza ya pili naye ana simu. Wiki ya tatu ni vita ya bei ileile ya kontena, na msimu ujao mbunifu amefunga chumba. Hakuna tena cha kuuza wala cha kunakili.

Chukua mfano wa hesabu tu. Mbunifu anauza gauni butiki kwa shilingi 60,000 za Tanzania. Ukichukua 12 kwa mpigo, mkakubaliana bei ya jumla ya 40,000, umelipa 480,000. Ukiyauza yote kwa bei ya butiki umepata 720,000. Tofauti ni 240,000, na humo utatoa nauli, kodi na pango lako. Si utajiri, lakini ni faida unayoweza kuirudia mwezi ujao, kwa sababu mbunifu bado yupo na ana mtindo mpya.

Basi uingie kwa mlango wa mbele. Jitambulishe kuwa wewe ni mfanyabiashara na uulize bei ya jumla inaanzia nguo ngapi. Safari ya kwanza chukua chache, za saizi mchanganyiko, na uzipime mwenyewe kwa futi kamba, maana saizi ya fundi mmoja si saizi ya mwingine. Kagua mishono ya ndani, na ufue moja uone kama rangi inachuja. Zikitoka vizuri, mwekeane makubaliano ya maandishi, hata ukurasa mmoja. Yeye asimpe mwingine mtindo huo katika mji wako kwa msimu mmoja, na wewe usikate lebo wala kushona nakala. Kama mnakwenda kwa mali kauli, andikeni siku ya kulipa, sarafu ya kulipia, na nani anabeba hasara ya nguo isiyouzika. Urafiki wa mipakani huvunjika kwa mambo haya matatu zaidi kuliko kwa udanganyifu.

Pa kuwakuta hapakosekani. Wiki ya mitindo ya Swahili Fashion Week imekuwapo Dar es Salaam tangu mwaka 2008, na maonyesho ya Jua Kali/Nguvu Kazi ya Jumuiya huzunguka nchi wanachama. Ukiwa mjini, tenga saa mbili baada ya kufunga mzigo, umuulize muuza vitenge: ni vijana gani wanakuja kwako kuchagua kitambaa kipande kwa kipande? Yeye anawajua wote.

Mpakani nako kuna nafuu ambayo wengi hawaitumii. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 na zilizomo kwenye orodha ya pamoja, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani bila malipo. Ushuru wa forodha hautozwi, ingawa kodi za ndani kama VAT zinabaki. Nguo ya kutoka nje ya Jumuiya, tangu Julai 2022, imewekwa kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35. Tofauti hiyo ni kubwa, na ni yako. Lakini afisa atataka kujua nguo imetengenezwa wapi na kwa kitambaa cha wapi, kwa hiyo usiondoke kwa mbunifu bila ankara yenye jina la karakana, idadi, bei na maelezo ya kitambaa. Anayepita njia za panya na nguo halali anajinyima nafuu hii kwa mikono yake. Na anayebeba nakala zenye lebo ya mtu mwingine ajue kwamba sheria ya forodha ya Jumuiya inazihesabu bidhaa bandia kuwa marufuku.

Wabunifu nao wana wajibu. Alama ya biashara iliyosajiliwa Kenya hailindi chochote Tanzania. Anayetaka kuuza ng'ambo asajili na ng'ambo, iwe BRELA, KIPI, URSB au RDB. Na ajifunze kuuza kwa jumla. Mbunifu anayempa mfanyabiashara bei ileile anayompa mtalii asishangae akinakiliwa.

Kwa serikali zetu na Sekretarieti ya Jumuiya kule Arusha tuna ombi moja. Orodha ya bidhaa za cheti rahisi iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe kila kituo cha mpakani, na ioneshe waziwazi ni nguo zipi za karakana ndogo zinazopita na kwa kitambaa gani. Mama mwenye magauni 12 hawezi kuajiri wakala wa forodha kumsomea kanuni za uasili. Akishindwa kuelewa, atarudi kwenye belo, au atapita porini usiku na kila hatari iliyoko huko.

Nguo imekuwa ikitembea katika kanda hii kabla ya mipaka hii kuchorwa. Kanga ya Dar es Salaam ni leso Mombasa, na kitenge ni kikwembe Bukavu. Wafanyabiashara ndio walioisafirisha, na majina yake wakayaacha njiani. Safari hii pelekeni nguo pamoja na jina la aliyeishona. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kama mgeni amekuja kupiga picha tu.